Kama mji wenu unapungua, usirudi kama mgeni

Kwa miaka mingi kazini nikiulizwa kwenu wapi nilikuwa najibu Tanga basi, naishia hapo. Anayeijua Tanga ataendelea, Tanga ipi, Muheza, Korogwe, Lushoto? Hapo ndo nasema Pangani, tena kwa sauti ya chini, maana najua kinachofuata: "Aah Pangani, pale si hamna kitu pale, nilivuka na kivuko nikaenda zangu." Na mimi nilikuwa nacheka nae. Nimecheka miaka kama kumi hivi, na kile kicheko leo kinaniuma.

Naandika hii kwa sababu ya dada mmoja nafanya nae kazi, kwao Kilwa Kivinje, wiki iliyopita kaniambia mama yake akishaondoka hana tena cha kumrudisha kule, mji umekwisha, nyumba inadondoka, wenzake wote aliosoma nao wako Dar. Nikamwambia nitakuandikia maana maneno ni mengi hayaenei kwenye chakula cha mchana. Na najua mko wengi, wa Kivinje, wa Mikindani, wa Pangani wenzangu, na wa ile miji ya bara iliyoishi kwa kiwanda au stesheni ya treni mpaka siku ilipofungwa. Haya yamenigharimu hela na machozi, chukua utakachoweza.

Mimi kilichonishtua ni msiba wa bibi yangu mwaka 2014. Nilifika saa kumi jioni wameshazika. Nikaingia uani kwa wanawake, wanapika, mmoja akasema nileteeni mbuzi nyingine tukunie nazi, nikainuka haraka maana hii ni nyumba niliyolelewa mpaka namaliza darasa la saba, nikaingia jikoni, nikatazama nyuma ya mlango, nikainua gunia la mkaa, nikafungua kabati, sikuiona. Binti wa jirani, mtoto wa miaka kama kumi na mbili, akaingia nyuma yangu, akanyoosha mkono juu ya uchaga akaishusha. Hata hakutafuta. Nikarudi kukaa mkekani, mama mmoja mtu mzima akanitazama usoni akaniuliza kwa upole kabisa, "mwanangu, we ni wa nani?" Nikamtaja baba. "Aaah, mjukuu wa yule Muha wa korona!" Akanikumbatia akalia na mimi. Lakini lile swali lilishaingia na halikutoka.

Niwaeleze huyo Muha wa korona, maana bila yeye nitakayosema hayataeleweka.

Babu yangu alitoka Kasulu, Kigoma, miaka ya 1940 mwishoni akiwa kijana, kaletwa na wale waliokuwa wanazunguka kukusanya vibarua wa mashamba ya mkonge. Manamba. Kila mtu na namba yake na kipande chake, kadi yenye vyumba 30, ukimaliza kazi ya siku chumba kimoja kinatiwa alama, vikijaa ndo unalipwa. Alianza kukata majani, baadae wakamhamishia korona, pale majani yanapochakatwa zinatoka singa, yaani nyuzi za mkonge, na humo ndo alipomalizia nguvu zake. Akasilimu, akaoa Mzigua, akajenga Pangani mjini, Kasulu hakurudi tena. Kipande chake kimoja bibi alikitunza kwenye kopo la maziwa ya unga pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Nimekishika mkononi. Vyumba 27 vina alama, vitatu vitupu, na nimejiuliza mara nyingi zile siku tatu alikuwa na nini, homa au nini, na sasa hamna wa kumuuliza.

Kwahiyo watu wakishasikia jina la ukoo wetu wananambia wewe kwenu hasa Kigoma. Sijawahi kulala Kigoma hata usiku mmoja. Af anakuja mtu na ule msemo wa mwacha asili ni mtumwa. Huo msemo nawaomba muwe nao makini mkiwa Pangani. Pale palikuwa mwisho wa njia ya misafara, meno ya tembo na watu waliokamatwa bara walishushwa pale, na mashamba ya miwa kandokando ya mto yalilimwa na watumwa. Wako watu wengi pale ambao mababu zao hawakuacha asili, walinyang'anywa. Na wako wa kina babu waliofukuzwa makwao na kodi ya kichwa na kukosa hela. Hao wote wakaoana na Wazigua na Wabondei na watu wa pwani, wakazikana, wakasomeshana madrasa, ndo Pangani hiyo. Ushauri wangu hapa ni mfupi: kama mji wenu ni wa watu waliokuja na reli, au mgodi, au mkonge, usikubali mtu akwambie sio kwenu eti kwa sababu ukoo ulianzia kwingine. Pale walipozikwa waliokulea ni kwenu. Sema jina la mji kwa sauti ya kawaida ukiulizwa. Mimi sasa nasema Pangani, simalizii Tanga.

La pili, lifute kabisa kinywani neno "mji umekufa". Nililisema siku ya tatu ya ule msiba, nimekaa barazani na wajomba, nikasema jamani huu mji umekufa. Mzee mmoja aliyekuwa anasokota uzi wa nyavu akaniuliza bila hata kuinua kichwa, "umekufa, sasa sisi tuliomo ndani ni kina nani?" Hakukasirika. Aliuliza tu akaendelea na uzi wake. Nilitamani ardhi inifunike.

Tangu siku ile nikaanza kuuliza na kusoma, na nilichogundua ni kwamba kupungua kwa Pangani ni kukubwa kuliko umri wangu na wa baba yangu. Mwaka 1888 kampuni ya Wajerumani ilivyokuja kutweka bendera yake pale ndo ile vita ya watu wa pwani kuwapinga ikawaka, na tarehe 15 Desemba 1889 Abushiri bin Salim aliyeiongoza akanyongwa hapo hapo Pangani. Wajerumani wakaanza reli mwaka 1893, wakaianzishia Tanga, mwaka 1911 ikafika Moshi, mizigo yote iliyokuwa inatembea kwa vichwa vya watu kuja kwetu ikapanda treni kwenda Tanga. Na sisi mdomo wa mto una fungu la mchanga, meli kubwa haziingii. Mji ungekwisha pale. Lakini mwaka ule ule wa 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, ikafia njiani mpaka ikabaki 62 iliyofika hai, na ikapandwa Kikogwe, Pangani hii hii. Miche 62. Kutoka hapo mkonge ukasambaa mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, hamna nchi nyingine duniani iliyotufikia. Ndo mkonge uliomleta babu. Af zikaja kamba za nailoni, bei ikaporomoka, 1967 mashamba mengi yakataifishwa, uendeshaji ukayumba, na kufika miaka ya 1990 tani hazifiki hata 40,000. Babu aliona korona inanyamaza.

Mbona nawasimulia yote hayo? Kwa sababu mimi nilikuwa najiona nimezaliwa kwenye mwisho wa kitu, na hiyo ikawa kisingizio changu cha kutofanya lolote. Kumbe kila kizazi pale kimeona mwisho wake na kesho yake watu wameamka wakatafuta chai. Sensa ya 2012 wilaya nzima ilihesabu watu 54,000 hivi, watu wapo. Kilichopungua ni kazi za mshahara, na zile nyumba za mawe za mbele ya mto, na sababu ya mpita njia kusimama. Ukilijua hilo hutarudi na uso wa mtu aliyekuja kuona mgonjwa.

Mimi nilirudi na huo uso. Mwaka 2016 nikachukua mkopo kwenye vikoba, milioni mbili na laki nane, nikafungua steshenari. Printa, mashine ya fotokopi, madaftari, nikamweka binamu yangu, nikasema nauinua mji. Miezi saba ikafungwa. Steshenari zilikuwepo mbili tayari na wenye ofisi wamezoeana nao, wino ukiisha mpaka mtu aende Tanga, umeme ukikatika siku nzima hamna kazi, na binamu alikuwa hapendi ile kazi tangu siku ya kwanza ila alishindwa kunikatalia. Hilo la mwisho ndo liliniumiza zaidi kuliko hela. Shangazi aliponiona nimekaa na lile deni akasema "mwanangu, si ungeuliza kwanza." Sikuwa nimemuuliza mtu yeyote. Nilikuwa nimeamua mimi, niko Mbagala huku Dar, ninachokiona mimi ndo kinakosekana Pangani.

Nilivyouliza ndo nikaambiwa nazi. Shangazi ana minazi arobaini na kitu aliyorithi, majirani nao wanayo, mlanguzi anakuja na fuso lake anataja bei anayotaka yeye na wao hawana pa kuzipeleka. Nikasema basi mimi nitazipokea Dar. Mzigo wa kwanza nazi 400, nikapokea alfajiri na bajaji, nikafungua gunia la kwanza pale pale barabarani, nikapasua moja, koroma, nyingine koroma, nyingine joya. Zilikuwa 61 za kutupa. Nikapiga simu nimepaniki, shangazi akanituliza, akanieleza kwamba mkwezi tunamlipa kwa mnazi kwahiyo akifika juu anaangua kole zima, zilizopevuka na ambazo bado. Tukabadilisha, tukawa tunamlipa kwa nazi iliyopevuka, na kabla ya kuzifua makumbi shangazi anaitikisa kila moja sikioni asikie maji. Mzigo wa pili zilikuwa 9 tu mbovu. Usisahau kulipia ushuru wa mazao na kutunza stakabadhi, mzigo ukikamatwa getini hauna karatasi faida yote imekwenda.

Faida sio kubwa, nisiwadanganye, kuna mwezi inabaki elfu sitini na kuna mwezi haibaki kitu. Lakini nataka muone kilichobadilika. Zamani simu ya nyumbani ikiita usiku moyo unaruka, nani kaumwa, nani anaomba hela. Na wao nadhani walikuwa wanaona aibu kunipigia kwa sababu kila wakipiga ni shida. Sasa tunaongea mara mbili kwa wiki na tunaongea bei, tunaongea mvua, tunabishana kwamba magunia ya safari hii yamefungwa ovyo, na katikati ya hayo ndo nasikia nani kazaa na nani kahama na mashua ya nani imerudi tupu. Nimekuwa na sababu. Ndo maana nasema tafuta shughuli moja ndogo inayopita mikononi mwao na mikononi mwako, ambayo usipofanya wewe inalala na wasipofanya wao inalala. Hela ya kutuma ni nzuri, itume, mimi natuma, ila hela peke yake inakufanya uwe mtu wa mbali anayetegemewa.

Sasa nyumba. Hapa ndo watu wengi wanakosea na ndo panapoleta vita za ndugu.

Nyumba ya bibi ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, ya zamani, kuta nene unaweza kulala dirishani. Mjomba kwa nia njema kabisa aliipiga plasta ya saruji mwaka 2010. Ukifika leo ukibonyeza ukuta kwa kidole chini karibu na sakafu, saruji inasikika tupu kama ngoma, ukisukuma inatoka kipande kizima na nyuma yake ni unga mweupe umelowa. Fundi mmoja mzee akatueleza kwamba hizi kuta zinavuta maji kutoka chini na zinahitaji kupumua, ukizifunika kwa saruji maji hayana pa kutokea yanakula ukuta kwa ndani. Tukabandua saruji upande wa jikoni tukarudishia chokaa, polepole, chumba kimoja kwa mwaka ndo uwezo wetu. Kama kwenu ni nyumba ya aina hiyo, kabla hujanunua mfuko wa saruji mtafute fundi anayejua chokaa, wamebaki wachache.

Na kabla ya fundi kuna mirathi. Sisi tuko warithi 11. Miaka mitatu nyumba ilifungwa kwa sababu kila mtu anaogopa kugusa, na nyumba ikifungwa pwani inaoza haraka, popo, mchwa, chumvi, na makuti ya banda la uani yalishaanguka. Tulichofanya ni kikao cha ukoo, tukaandika muhtasari, tukampendekeza shangazi awe msimamizi, tukaenda Mahakama ya Mwanzo na cheti cha kifo, akathibitishwa. Kuna waliotaka tuuze tugawane, na wana haki zao, hatukuwapuuza. Waliotaka chao tumewanunua taratibu kwa awamu, kwa maandishi na mashahidi, bado wawili hatujamalizana nao. Nakushauri ufanye hivyo wakati wazee wanaojua mipaka wako hai, maana mzee akiondoka anaondoka na mnazi ule uliokuwa alama ya kiwanja. Na weka mtu akae ndani. Sisi amekaa mwalimu mmoja na familia yake, analipa kodi ndogo tu, na kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU ya umeme kwahiyo mkubaliane mapema nani anaibeba, sisi tulisahau likaja kuwa neno. Kwangu thamani ya yule mwalimu ni kwamba jioni kuna taa inawaka na mlango unafunguliwa.

Jingine ni ardhi. Ile barabara ya kutoka Tanga kuja Pangani mpaka Saadani na Bagamoyo tuliyoisikia tangu wadogo sasa inajengwa kweli, na daraja la mtoni nalo limeanza. Nimefurahi, nimelia kwa furaha, mimi niliyewahi kukaa ng'ambo ya Bweni na mgonjwa nikisubiri kivuko kipone. Lakini barabara ikija anakuja na mnunuzi wa viwanja. Watu wanauza shamba la pwani lenye minazi ya babu zao kwa hela ya bodaboda moja, na baada ya miaka miwili pikipiki imekufa na shamba lina ukuta. Ongea na ndugu zako mapema kabla mnunuzi hajafika. Usiwaamrishe wasiuze, wewe una mshahara wao hawana. Waambie tu bei za kwingine, wasaidie kupima, na kama mtu ana shida kweli ya hela angalieni kama anaweza kuuza kipande akabaki na kingine, na asiweke sahihi peke yake bila mtu mwingine wa nyumbani kusoma ile karatasi.

Sisemi rudini mkaishi. Mimi sijarudi. Kazi yangu iko Dar, mtoto anasoma Dar, na kuna mambo ya Pangani siyawezi tena, ikiwemo kila mtu kujua nimepika nini. Na kama nyumbani ndipo ulipoumizwa, huna deni na mtu, kaa mbali kwa amani. Nasema na wewe unayepapenda ila unapaonea aibu.

Mwanangu ana miaka tisa, ukimuuliza kwao wapi anasema Mbagala, na nimeacha kumsahihisha, ni kweli kwao Mbagala. Ila Desemba zote tatu zilizopita nimempeleka kwa shangazi wiki mbili bila mimi. Mwaka wa kwanza alilia. Mwaka jana wakampeleka Ushongo kuona vitoto vya kasa vinatoka mchangani vinakimbilia bahari, mayai yanatolewa kisiwa cha Maziwe yanakuja kufukiwa pale, maana Maziwe ambayo baba alikuwa ananisimulia ina mivinje mirefu sasa ni mchanga mtupu na maji yakijaa inazama. Amerudi ananiuliza kasa anajuaje kurudi pale pale. Sikuwa na jibu. Amerudi pia anajua kufua nazi kwenye kifuo, mimi mama yake sijawahi kuweza mpaka leo, na anajua mbuzi inakaa wapi.

Wiki hii mkwezi wetu kateguka bega, kwahiyo mzigo umechelewa na mteja wangu wa sokoni amenuna. Shangazi kanipigia jana usiku nikifikiri ni habari ya bega, kumbe ananiambia Ijumaa nikija nipitie Tanga mjini nichukue kilo mbili za misumari ya bati, upepo umeinua kona ya banda la uani na duka la pale limeishiwa.